Hodi ya Nyuma ya Mashine

Ninyi mnaopanga mashindano kwa simu huku mmelala kitandani nawaonea wivu, halafu nawaonea huruma. Wivu, kwa sababu ratiba mnayoimaliza kabla chai haijapoa, mimi niliifukuzia kwa miguu nikibembeleza makocha mmoja mmoja. Huruma, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kupiga hodi. Hilo ndilo nililokaa kuliandika leo. Mkiona nazunguka, vumilieni, nitafika.

Naitwa Sekela, mzaliwa wa Tukuyu. Maisha yangu yote nimekuwa mratibu wa michezo: netiboli, mpira wa miguu wa wilaya, mbio za baiskeli, hata kuvuta kamba. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ligi ya boling ya kulipwa, timu mbili za Mbeya na mbili za Iringa. Msicheke. Boling ni ule mchezo wa kuvingirisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao ili likaangushe pini kule mwisho. Wachezaji wetu walikuwa na mikataba na jezi zenye majina mgongoni, na kwa muda mfupi watu wa nyanda hizi walijua maana ya straiki, yaani kuangusha pini zote kwa tufe moja. Ligi ilidumu msimu mmoja, na msimu wenyewe haukuisha.

Mbeya tulicheza kwenye ukumbi mpya, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, pale Mwanjelwa. Iringa tulicheza kwa Bwana Dinesh. Huyu ni mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa palepale mjini, anayesalimia "Kamwene" kwa lafudhi ya Kihehe ambayo mimi Mnyakyusa sitaipata hadi nife. Ukumbi wake ulikuwa ghala la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, enzi za babu yake. Maua yaliondoka zamani, dawa ikabaki ukutani. Mle ndani hapakuwa na nzi, hapakuwa na buibui, hapakuwa na mjusi. Taa zinawaka na hakuna hata mdudu mmoja anayezizunguka. Wageni waliusifu ukumbi kwa usafi. Mimi niliyekuwa nafika asubuhi kabla ya watu, nilikuwa naogopa. Kuna ukimya wa mahali ambapo watu wametoka, na kuna ukimya wa mahali ambapo hata mdudu amekataa kukaa. Sikuzoea hadi mwisho.

Sasa mjue kilichokuwa nyuma ya zile njia. Mchezaji anaona pini tu, anadhani zinajisimamisha zenyewe. Nyuma ya pini kuna mashine kubwa, moja kwa kila njia. Ina fagio la chuma linaloshuka na kuzoa pini zilizoanguka, na ina meza inayoshusha nyingine. Pini ikikwama, mtu lazima aingize mkono. Fagio lile halijui mkono ni nini. Nyuma ya mashine kulikuwa na ushoroba mwembamba usio na dirisha, unaingia kwa kamlango kadogo pembeni, na bwana wa huko alikuwa Mzee Kiyeyeu.

Mzee Kiyeyeu alikuwa fundi wetu, mtu wa Igowole kule Mufindi, mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Ujanani alifanya kazi kwenye ukumbi wa boling wa mji mkubwa, nje ya mkoa, na huko mashine ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia. Vilibaki dole gumba na viwili vya katikati. Aliporudi alikuja na kanuni yake mwenyewe.

"Hapa haingii mtu bila hodi," aliniambia siku ya kwanza, amesimama mbele ya kamlango. "Ukipiga hodi nikasema karibu, ujue fyuzi nimeing'oa na ninayo mfukoni. Nikisema bado, mashine ina moto wa umeme, usisogeze mguu. Ukisikia kimya, kaa chini usubiri."

"Nikae hadi lini, Mzee?"

"Hadi usikie kitu."

Basi tukaishi hivyo. Bwana Dinesh mwenyewe, jengo lake, mashine zake, alipiga hodi. Siku moja alikuja na wageni wakubwa akitaka kuwaonyesha mitambo, akapiga hodi, Mzee akajibu bado, na wale wageni na suti zao wakasimama pale wakitazamana mpaka Mzee alipomaliza kupaka grisi. Nilicheka moyoni siku nzima.

Kuna mengine niliyojifunza kwenye ligi ile, niwape haraka kabla sijafika ninakokwenda. Msipange mechi wakati wa mavuno ya mpunga. Timu yetu mojawapo ilidhaminiwa na mwenye mashine za kukoboa kule Ubaruku, na nusu ya wachezaji walikuwa na mashamba yao Madibira. Mpunga ulipoiva walipotea wote, nikampigia nahodha simu, akaniambia, "Mama Sekela, tufe halinyeshewi, mpunga unanyeshewa." Tena, fungeni matufe safarini. Yetu yalikuwa yamelala tu kwenye korido ya basi, dereva akafunga breki pale Makambako, mlango ukafunguliwa, yakashuka ngazi moja moja kama abiria. Moja lilitua kwenye beseni la mama muuza karanga na mama akakataa kulirudisha mpaka tununue karanga zote. Na mfagizi mpya asiachwe peke yake na njia za mbao. Wetu alizipaka nta ya sakafu kwa kutaka kutufurahisha, mchezaji wa kwanza akateleza na tufe lake mpaka kwenye pini. Tuliihesabu kama straiki, kwa huruma.

Haya, turudi kwa Mzee.

Kila asubuhi mimi na yeye ndio tuliofika mapema. Nikaja kugundua kwamba hata yeye, ambaye hakuna wa kumtangulia, hufika kwenye kamlango, anavua kofia, anapiga hodi. Halafu anasimama kidogo, kichwa amekiinamisha, ndipo anaingia. Nikamtania: "Mzee, unampigia nani hodi na funguo unazo wewe?"

"Nawapigia walionitangulia."

"Wanajibu?"

"Wanajibu."

"Wanasemaje?"

Alinitazama kama anayepima kama nastahili kuambiwa. "Wanasema bado. Mimi nikishasikia bado, naingia nafanya kazi yangu."

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilitoka nusu. Wazee wa kwetu wana mizaha yao na hujui kamwe mzaha unaishia wapi. Nikajiambia ni utani, nikaenda kupanga viatu vya kuchezea.

Tulipokaribia fainali, asubuhi moja ya baridi ile ya Iringa inayoingia mpaka kwenye meno, nilimkuta amekaa kwenye benchi la wachezaji, kofia mapajani. Hakuwa mtu wa kukaa. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, yuko salama kabisa. Alikuwa na uso wa mtu aliyepumzika.

"Leo wamesema karibu," akaniambia.

Nikamwambia aache maneno hayo, bado tuna fainali. Akacheka, akaenda akafanya kazi yake mpaka jioni, akaniaga vizuri, akapanda basi kwenda kwao Igowole kwa mapumziko ya mwisho wa juma. Alifia usingizini nyumbani kwake. Tulimzika kwenye ukungu mzito hata waliobeba jeneza hatukuwaona mpaka walipofika kaburini. Nililia, sioni haya kusema. Alikuwa mwalimu wangu, na mimi nilikuwa mtu mzima niliyedhani nimemaliza kufundishwa.

Tulisimamisha ligi kwa ajili ya msiba. Tuliporudi, ukumbi wa Mbeya ukatuazima fundi wao, Fadhili, kijana wa Kisafwa, mpole, hodari kwelikweli. Nataka mjue kitu kimoja kuhusu Fadhili: alikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa lao la Kilutheri. Alikuwa na mikono mizuri, vidole virefu, na alipokuwa anasubiri jambo alivichezesha juu ya meza pasipo kujua. Mimi kila nilipoitazama ile mikono nilikumbuka mkono wa Mzee.

Kesho yake baada ya Fadhili kufika, niliwahi kama kawaida. Kichwa changu kilikuwa kwenye mambo ya fainali. Nilihitaji ngazi iliyokuwa kule nyuma, nikafika kwenye kamlango nikapiga hodi.

"Bado."

Nikasimama. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa pale, nikaanza kupekua makaratasi yangu. Nilisikia kitambaa kinafuta chuma, taratibu, kwenda na kurudi. Nilisikia harufu ya grisi. Nikawa nawaza, leo Mzee anachelewa kumaliza. Nadhani nilikaa pale muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai kabla sijakumbuka kwamba Mzee tumemzika.

Ee Kyala, Mungu wangu. Miguu ilinipeleka nje bila mimi kuiambia. Nikasimama juani mpaka Bwana Dinesh alipofika na Fadhili. Sikuwaambia kitu, niliwaomba tu tuingie wote. Nyuma hapakuwa na mtu. Lakini Fadhili alipogusa mashine ya njia ya mwisho alishtuka: ilikuwa na moto. Aliisahau jana yake ikiwa imewashwa. Ningeingia peke yangu nikaivuta ile ngazi iliyoegemezwa palepale, sijui ingekuwaje.

Ndipo nikamweleza Fadhili kanuni ya hodi. Yaliyonitokea sikumweleza, kanuni tu.

"Sasa Mama," akaniuliza kwa adabu, "nikipiga hodi anijibu nani? Fundi si mimi?"

"Wewe piga. Na mimi nikipiga, nijibu. Karibu ni fyuzi mfukoni. Hakuna karibu nyingine."

"Sawa, Mama." Akakubali kwa namna vijana mnavyotukubalia ili tunyamaze.

Bwana Dinesh alinivuta pembeni. Aliusoma uso wangu, akasema naye amesikia. Hakusema amesikia nini, lakini tangu siku hiyo aliwasha udi kila asubuhi kwenye pembe ya ule ushoroba, akawa anatoka haraka. "Dada Sekela," akaniambia, "haya yabaki kwetu wawili. Wachezaji wakijua, fainali hakuna." Nikakubali. Fainali niliitaka kuliko yeye. Ingekuwa fainali ya kwanza ya boling ya kulipwa huku kwetu, na mimi ndiye niliyeiandaa.

Ikafika. Ilikuwa mchana, ukumbi umejaa, Mbeya na Iringa, watu wamesimama hadi mlangoni. Timu ziliachana kidogo sana. Katikati ya mchezo umeme ukakatika.

Mnaijua ile sauti ya ukumbi mzima ukisema "aaah" kwa pamoja. Lile ghala halikuwa na madirisha, kukawa giza la mchana, watu wakawasha tochi za simu. Hapo ndipo likatendeka kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye anayelitenda. Kwenye njia mojawapo pini ilikuwa imekwama tangu mwanzo wa mchezo. Fadhili akaona, umeme si umekatika? Mashine imekufa. Hii ndiyo nafasi. Akaingia nyuma kuitoa ile pini, na hakung'oa fyuzi, maana ya nini kung'oa fyuzi wakati umeme haupo? Sisi tuliozoea kukatiwa umeme tunauona kama umelala. Tunasahau kwamba ukirudi haupigi hodi.

Mimi sikujua ameingia. Nilimtafuta mbele, sikumwona. Nikasukumana na watu mpaka kwenye kamlango, nikamulika simu, nikaona mgongo wa shati lake jeupe kule ndani, amejikunja, mikono yote miwili imezama kwenye mashine mpaka begani. Nikapiga hodi kwa sauti kubwa.

"Karibu, Mama!" akajibu, bila kugeuka.

Na papo hapo, kutoka mbele yake zaidi, kwenye giza la mwisho wa ushoroba ambako hapakuwa na mlango wala mtu, sauti nyingine ikajibu, ya chini, isiyo na haraka.

"Bado."

Fadhili akaruka. Aling'oka pale kwa nguvu kiasi kwamba alijigonga ukutani, akageuka kutazama nyuma yake. Hapo umeme ukarudi. Mashine ikaunguruma, fagio la chuma likashuka kwa kishindo pale ilipokuwa mikono yake. Ile pini ikatoka vipande viwili.

Kule mbele watu walishangilia taa. Sisi wawili tulibaki tukitazamana.

"Mama, ni wewe umenivuta?"

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kamlango, mbali naye, na alijua hivyo. Nikasogea nikautazama mkono wa shati lake. Shati lilikuwa jeupe, alilivaa kwa ajili ya fainali. Juu ya kiwiko kulikuwa na alama ya grisi, mbichi, ya mkono ulioshika kwa nguvu. Dole gumba, na vidole viwili.

Sina maelezo na siwauzii maelezo. Fadhili alitoka mle akapita katikati ya ukumbi akiwa amelishika lile shati, na wachezaji walimwona. Mchezaji mmoja wa Iringa aliyekuwa karibu na njia alisema naye ameisikia ile bado, na akasema anamjua mwenye sauti. Habari ilikimbia kuliko tufe. Tuliwabembeleza, Bwana Dinesh aliwaomba kwa Kiswahili na kwa Kihehe, lakini hata mmoja hakurudi kwenye mstari wa kurushia tufe. Walivua viatu vyetu, wakavipanga vizuri kwa heshima, wakaondoka. Kombe halikukabidhiwa kwa mtu. Liko jikoni kwangu, naweka vitunguu.

Hivyo ndivyo ligi ilivyokufa. Kwa muda nilimkasirikia Mzee. Nilisema moyoni, ungengoja tumalize. Kisha Jumapili moja nilikuwa Mbeya, nikaingia kanisani kwao Fadhili, nikakaa nyuma. Alikuwa kwenye kinanda. Nilivitazama vidole vile vinavyokimbia, vyote vipo, nikasikia hasira yote imeniishia. Ndaga, asante Mzee, nikasema kimoyomoyo. Ligi zipo nyingi.

Baada ya kustaafu, kila nilipopita Iringa kwenda kwa binti yangu, nilikuwa naomba funguo kwa Bwana Dinesh. Ukumbi sasa ni stoo ya mbolea, lakini mashine bado ziko kule nyuma, hakuna aliyetaka kuzigusa. Nafika kwenye kamlango, napiga hodi, nasimama kidogo. Nikishasikia bado, nafunga, naenda zangu kula kwa binti yangu, na usiku nalala vizuri. Ilikuwa kama salamu baina yetu.

Mwezi uliopita nilipita tena. Asubuhi, baridi ileile. Nikapiga hodi.

Alisema karibu. Aliitamka kwa upole, kama mtu ambaye fyuzi ameshaing'oa na iko mfukoni.

Sikuingia. Sikuogopa pia, nilijishangaa. Nilisema, "Mzee, nipe nafasi kwanza. Kuna vijana hawajui kupiga hodi." Kisha nikafunga mlango, nikarudisha funguo, nikaja nyumbani nikatafuta kalamu.

Sasa mnajua. Karibu, fyuzi mfukoni. Bado, usisogeze mguu. Kimya, kaa chini. Wafundisheni na wengine, hata kama umeme umekatika.

Mimi nimeshamaliza kuandika. Kesho napanda basi la Iringa.